Gari lililozama majini: tope la Sebeya na chumvi ya bahari havisafishwi kwa njia moja

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kuingia katika makazi ya watu wilayani Rubavu, kuanzia Kanama na Nyundo hadi Rugerero. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku huo mmoja yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na nyumba kwa maelfu zilibomoka. Mbele ya msiba wa kiasi hicho, gari ni kitu kidogo. Hata hivyo maji yanapopungua na wafu wakishazikwa, aliyenusurika hulazimika kutafuta riziki ya kesho, na mara nyingi riziki hiyo imo ndani ya pikapu ya kubebea viazi, basi dogo la abiria au teksi ambayo mkopo wake wa benki bado haujamalizika kulipwa.

Je, gari kama hilo linaweza kufufuliwa? Jibu lategemea mambo mawili: liliingiwa na maji ya aina gani, na mwenyewe alifanya nini katika saa za mwanzo. Maji ya Sebeya ni maji baridi yaliyojaa udongo. Maji ya bahari ni kitu kingine kabisa, na gari lililoyanywa huhitaji kutendewa tofauti.

Msomaji wa Gisenyi anaweza kuuliza maji ya bahari yanamhusu nini, ilhali pwani ya Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Yanamhusu kwa sababu magari mengi yanayotembea katika barabara zetu yametoka pwani. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto, kwa hiyo wanunuzi wengi hutazama zaidi masoko ya Ghuba, ya Ulaya na ya Korea Kusini kuliko Japani. Magari hayo hukaa bandarini kabla ya kupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafiri kwa barabara hadi Kigali na hatimaye Rubavu. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, yapo pia mengi yenye usukani wa kulia. Gari likiwa lilizamishwa na bahari popote katika safari hiyo, au kabla yake, chumvi yake huja nalo.

Ufunguo usiguswe

Tuanze na lile ambalo ni sawa kwa maji yote. Gari lililofikiwa na maji kwenye injini lisiwashwe. Wenye magari wengi hufanya kinyume: maji yanapotoka tu, mtu huketi kwenye kiti kilicholowa na kujaribu ufunguo ili ajue kama gari "bado ni zima". Jaribio hilo la sekunde mbili laweza kugharimu injini nzima.

Sababu yake ni rahisi. Injini hufanya kazi kwa kubana hewa ndani ya silinda, na hewa hubanika. Maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta silinda imejaa maji, hugonga kama iliyogonga ukuta, na chuma kinachoishika pistoni hupinda au kuvunjika. Injini ambayo ingeponeshwa kwa kumwaga maji na kubadilisha oili sasa inahitaji kufunguliwa yote. Katika injini ya dizeli hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mbano wake ni mkali kuliko wa petroli.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuiondoa betri, ukianza na waya wa upande hasi. Maadamu betri imeunganishwa, umeme hupita ndani ya maji yaliyobaki katika soketi na visanduku vya fyuzi, na shaba ya nyaya huanza kulika. Maji yakiwa ya chumvi, ulaji huo huenda kwa kasi ambayo mtu asiyeiona hataiamini: kiunganishi kilichokuwa safi asubuhi chaweza kuwa na unga wa kijani baada ya muda mfupi, na upande wa chanya ndio unaoumia kwanza.

Kabla ya kugusa chochote kingine, piga picha. Onyesha mstari wa maji mlangoni, juu ya viti na ndani ya boneti, kisha umwarifu mwenye bima. Mmiliki akumbuke kwamba bima ya lazima, ile inayodaiwa na polisi barabarani, hulipa madhara anayopata mtu mwingine kutokana na gari lako. Haikulipi wewe kwa sababu ya mafuriko. Anayeweza kudai ni yule aliyelipia bima pana zaidi, na hata huyo asome mkataba wake aone kama majanga ya asili yametajwa humo. Gari likishasafishwa, ushahidi umeoshwa pamoja na tope.

Tena gari lililo ndani ya maji yanayokwenda kasi lisifuatwe. Maji ya kina cha sentimita 30 yanatosha kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwamo yale makubwa ambayo madereva huyaamini kupita kiasi.

Tope la mto

Maji ya Sebeya huteremka kutoka milima yenye miteremko mikali na mashamba yaliyolimwa, na hubeba udongo mwingi laini. Udongo huo huingia mahali ambapo maji yenyewe hayawezi kubaki: ndani ya beringi za magurudumu, katikati ya pedi za breki, kwenye kapi za mkanda wa injini, ndani ya alteneta na katika mirija ya kupitishia hewa. Ukikauka huwa mgumu, na chembe zake hukwaruza chuma kila gurudumu linapozunguka. Kwa hiyo gari lililoingiwa na tope lioshwe likiwa bado limelowa. Mwenye gari anayeliacha juani wiki nzima akisubiri "likauke kwanza" anajiongezea kazi.

Tope la mafuriko si udongo mtupu. Mto unaopita katika makazi ya watu huzoa vyoo, mizoga na mafuta. Anayesafisha avae glavu na viatu vya mpira, na watoto wasitumwe kuchota matope ndani ya gari kwa mikono mitupu.

Baada ya kuosha, kazi ya injini hufuata utaratibu uleule ambao fundi yeyote mzuri wa Gisenyi anaujua. Kijiti cha kupimia oili kikitoka na oili ya rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa, maji yameingia. Oili yote imwagwe, chujio libadilishwe, plagi zitolewe (au nozeli, kwa dizeli), chujio la hewa litupwe, kisha injini izungushwe kwa mkono ili maji yaliyomo ndani ya silinda yaruke nje. Ikizunguka bila kukwama, yatiwe matone ya oili safi katika kila silinda. Ndipo betri nzima irudishwe, baada ya nyaya na soketi kukaguliwa na kukaushwa, na injini iwashwe kwa dakika chache tu. Oili imwagwe tena na kuwekwa mpya. Mara mbili au tatu si nyingi. Giaboksi na difu nazo zikaguliwe, kwa maana vyote viwili vina tundu la kupumulia ambalo maji hulipenda. Mafuta ya breki yabadilishwe hata kama yanaonekana safi, kwa kuwa huvuta maji, na breki yenye maji hushindwa pale inapopata moto, yaani katika mteremko mrefu. Barabara ya kushuka Rubavu ina miteremko ya kutosha kwa somo hilo.

Tangi la mafuta pia lichunguzwe. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini kabisa, pale pale pampu inaponyonya.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya Gisenyi huishia ziwani.

Chumvi inayolala

Sasa tuje kwenye maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tuseme zulia la gari na sponji iliyo chini yake vimenywa lita 20 tu, ndoo moja ya kawaida. Maji yakikauka, hubaki humo gramu 700 za chumvi, karibu robo tatu ya kilo, zimejificha mahali pasipoonekana. Kwa kulinganisha, maji ya juu ya Ziwa Kivu, ambayo wengi huyasifu kwa ladha yake ya madini, yana takriban gramu moja ya vitu vilivyoyeyuka kwa lita. Aliyezamisha gari kandokando ya Kivu hana msiba wa chumvi. Ana msiba wa maji, ambao ni mdogo kuliko ule.

Tabia ya chumvi inayodanganya watu ni kwamba hulala na kuamka. Hewa ikiwa kavu, chembe zake hukaa kimya. Chuma kilicho chini yake hakiliki sana, na umeme haupiti. Lakini unyevu wa hewa ukifikia asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani hadi iyeyuke yenyewe, bila kumwagiwa hata tone. Chumvi ya bahari, ambayo ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Tone hilo dogo la maji ya chumvi hulila chuma, huila shaba, hutoboa alumini, na huwa njia ya umeme kati ya waya na waya.

Hapo ndipo Gisenyi inapoingia katika habari hii. Gari lililozama pwani na kukaushwa katika nchi ya jangwa laweza kuonekana salama kwa miezi. Linanunuliwa, linavuka bahari, linafika katika mji wa ziwani ambako asubuhi za masika zina umande na ukungu, na chumvi inaamka. Taa za dashibodi zinaanza kuwaka bila sababu. Dirisha linajifungua. Gari linagoma kuwaka alfajiri na kuwaka vizuri saa sita mchana. Mwenyewe hubadilisha betri, kisha stata, kisha kompyuta ya gari, na kila fundi hupata ugonjwa mpya. Si haki kumlaumu fundi katika hali hiyo, kwa sababu anatafuta kitu kimoja kilichoharibika, kumbe kinachoharibika ni viunganishi vyote kidogo kidogo.

Kuosha kwa maji kilicholowa maji

Dawa ya chumvi ni maji baridi, na mengi. Jambo hili huwashangaza wengi: gari limetoka kuzama, nawe unaambiwa ulimwagie maji tena. Lakini kulikausha gari la maji ya chumvi bila kuliosha ni sawa na kuihifadhi chumvi ndani yake. Kila saa inayopita ina thamani, kwani chumvi ambayo bado imo majini huondoka na maji, na iliyokwisha kuganda ndani ya mikunjo ya chuma huhitaji kuyeyushwa upya.

Maji ya bomba ndiyo yanayofaa. Mara tu baada ya mafuriko, hata hivyo, huenda yasipatikane, kwa kuwa kiwanda cha maji cha Gihira kinategemea mto huohuo wa Sebeya, na maji machache yaliyopo ni ya kunywa na kupikia kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi hufaa pia, isipokuwa siku ambazo moshi wa Nyiragongo ni mwingi, kwa sababu mvua inayopita katika moshi wa volkano huweza kuwa na tindikali. Kulisukuma gari hadi ufukweni na kulioshea ziwani hakufai kwa vyovyote. Mafuta yake yatabaki katika maji ambayo wengine wanayachota.

Mpira wa kawaida wenye mkondo mpole ni bora kuliko mashine ya msukumo mkali. Msukumo mkali huyasukuma maji ya chumvi kupita mipira ya kuzibia na kuyaingiza ndani ya beringi, ambako hayakuwapo mwanzo. Osha kutoka juu kwenda chini, kisha chini ya gari, ndani ya matao ya magurudumu, juu ya springi na breki, na hasa ndani ya mihimili ya chasisi. Mihimili hiyo ni mitupu ndani na ina matundu madogo ya kutolea maji. Ingiza mpira humo uache maji yatiririke hadi yatoke safi. Rudia siku ya pili na ya tatu. Baada ya kila kuosha, acha sehemu moja ya chuma iliyojificha ikauke: ukungu mweupe ukionekana juu yake, chumvi ingalipo.

Viti na mazulia vyote vitolewe, pamoja na ile sponji nene iliyo chini ya zulia. Sponji hiyo ndiyo ghala ya chumvi, na kwa maoni yangu haifai kuokolewa. Mpya ni nafuu kuliko kutu ya sakafu nzima. Sabuni ya kawaida inatosha kwa vitambaa. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, ambayo wengi huikimbilia ili kuua harufu na ukungu, iepukwe karibu na chuma na nyaya, kwani nayo hula chuma kama chumvi ilavyo. Milango iachwe wazi juani. Mtu asiweke jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa ili likauke haraka: hewa ya sumu itokanayo na mkaa haina harufu, na huua anayefungua mlango na kuingia kuangalia kazi inaendeleaje.

Sehemu ngumu zaidi ni umeme. Kila kiunganishi kilichokuwa chini ya mstari wa maji kifunguliwe, kioshwe kwa maji baridi, kisha kwa maji yaliyochujwa ya kutilia betri, kisha kisuuzwe kwa spiriti isiyo na rangi, ambayo hufukuza maji na kukauka upesi. Spiriti hushika moto, basi kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na cheche na sigara. Ni kazi ya siku nyingi. Gari la kisasa lina viunganishi kwa mamia, na waya wenye nyuzi nyingi huyanyonya maji ya chumvi chini ya ganda lake la plastiki, kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Waya wa namna hiyo hausafishiki. Ukikata kipande na kukuta shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata mpaka ufikie shaba inayong'aa, au ubadilishe waya wote.

Mifuko ya hewa inayolinda abiria wakati wa ajali, na mikanda ya usalama yenye baruti ndogo ya kuikaza, ni suala la pekee. Visanduku vyake vya udhibiti mara nyingi huwekwa chini, karibu na sakafu au chini ya viti, mahali maji yanapofika mapema. Visafishwe na nani, na atajuaje kwamba vimepona? Hakuna namna ya kuvijaribu nyumbani isipokuwa kwa ajali yenyewe. Vilivyozama katika maji ya chumvi vibadilishwe. Na anayevigusa aiondoe betri kwanza na kusubiri dakika kadhaa, kwa kuwa umeme wa akiba hubaki ndani yake kwa muda.

Magari yanayotumia umeme

Magari ya umeme na yale yanayochanganya umeme na petroli yameongezeka nchini katika miaka ya karibuni, na maji ya chumvi yana hatari ya ziada kwayo. Mwezi Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliisukuma bahari ndani ya bandari ya Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Magari 16 aina ya Fisker Karma yaliyokuwa yameegeshwa hapo yaliungua. Wengi waliidhania betri kubwa. Kampuni iliyoyatengeneza ilieleza baada ya uchunguzi kwamba chanzo kilikuwa kisanduku kidogo cha udhibiti kinachotumia umeme wa kawaida wa volti 12: chumvi ilikipenya, ikasababisha shoti, na upepo ukaueneza moto kwa magari mengine. Kwa maneno mengine, hata gari la petroli tupu lina kile kilichowasha moto ule.

Betri kubwa nazo zina historia yake. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwishoni mwa Septemba 2022, magari kadhaa ya umeme yaliyozamishwa na bahari yalishika moto siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye, yakiwa yameegeshwa tu. Kwa ajili hiyo wataalamu wa zimamoto hushauri gari la aina hiyo liwekwe umbali wa mita 15 hivi kutoka nyumba, magari mengine na kitu chochote kinachoweza kuungua. Nyaya nene za rangi ya machungwa zisiguswe na fundi asiyefundishwa kazi hiyo. Hapa ujasiri wa fundi si sifa. Umeme wa nyaya hizo huua.

Lini mtu akubali hasara

Kipimo kizuri ni mstari wa maji. Maji ya chumvi yakiishia chini ya sakafu, gari lililooshwa upesi lina nafasi nzuri, ingawa beringi na breki zake zitahitaji kuangaliwa mwaka mzima. Yakifika juu ya zulia, kazi huwa kubwa na ghali lakini hufanyika, hasa kwa gari la zamani lenye umeme mchache. Pikapu ya miaka ya 1990 ina faida kubwa hapo juu ya gari jipya lenye kompyuta nyingi. Maji ya chumvi yakifika kwenye dashibodi, kampuni za bima katika nchi nyingi huliandika gari kuwa limekufa, nami sioni sababu ya mwananchi wa kawaida kuwa mkarimu kuliko wao. Auze vipuri visivyo vya umeme: vioo, milango, tairi, rimu. Asiliuze gari zima kwa mtu asiyejua habari zake.

Uaminifu huo, kwa bahati mbaya, haupatikani kila soko. Tarehe 16 Aprili 2024, Umoja wa Falme za Kiarabu ulipata mvua kubwa kuliko zote tangu rekodi zianze kuwekwa mwaka 1949. Eneo moja la Al Ain lilipimwa zaidi ya milimita 250 katika muda usiofika saa 24, na magari mengi yalizama katika barabara za Dubai. Maji yale yalikuwa ya mvua, lakini maji yanayotuama juu ya ardhi ya pwani yenye chumvi huiyeyusha na kuichukua. Si haki kuyashuku magari yote yatokayo Ghuba kwa ajili ya siku hiyo moja, na mengi ni mazuri. Ni haki ya mnunuzi kuuliza na kutazama.

Atazame nini? Kwanza karatasi. Gari lililowahi kuandikwa Marekani na kuharibiwa na mafuriko mara nyingi hubeba alama hiyo katika hati yake ya kule, na nambari ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 huweza kutumiwa kutafuta historia yake katika intaneti. Hati ikikosekana kwa gari lililopitia nchi tatu, bei iwe rahisi vipi, mtu ajiulize ni kwa nini. Cheti cha ukaguzi wa kiufundi huonyesha kwamba breki, taa na moshi wa gari viko sawa siku ya ukaguzi. Hakisemi kilichomo ndani ya nyaya.

Pili, pua. Manukato makali ndani ya gari la miaka kumi yana kitu yanachokificha. Zulia jipya ndani ya gari lenye viti vilivyochakaa nalo lataka maelezo. Taa za mbele zenye ukungu ndani, kutu kwenye boliti za viti na kwenye springi zilizo chini yake, unga wa kijani ndani ya kisanduku cha fyuzi, mchanga laini katika shimo la tairi ya akiba: kila kimoja peke yake chaweza kuwa na sababu nyingine, lakini viwili au vitatu pamoja ni vigumu kueleza kwa njia nyingine yoyote.

Tatu, mkanda wa usalama. Wauzaji husafisha viti, dashibodi na injini, na wachache hukumbuka kuuvuta mkanda mpaka mwisho. Uvute wote, polepole, hadi usiweze kutoka zaidi. Sehemu iliyokuwa imejikunja ndani ya nguzo ya gari ikitoka na doa la tope, au na mstari mweupe mkavu unaolainika ukiupitishia kidole chenye maji, urudishe ufunguo kwa mwenyewe kabla hamjazungumza bei.